Mabano matatu na kuendelea: uyafungue kwa njia ipi?

Mabano mawili hayasumbui sana. Mwanafunzi wa kidato cha pili huyafungua huku akiongea na mwenzake. Kasheshe huanza bano la tatu likishaingia: karatasi inajaa, alama ya kutoa inapotelea njiani, na jibu linatoka likiwa na kipande pungufu. Njia za kuyafungua ni kadhaa, na zote zikifuatwa vizuri zinafika kwenye jibu lilelile. Zinachotofautiana ni wingi wa kazi na aina ya makosa ambayo kila moja inayakaribisha.

Tuanze na kitu cha kushikika. Tabora ni mkoa wa asali, basi tuchukue sanduku la mzinga. Fundi seremala analitengeneza likiwa na urefu wa sm 50, upana sm 40 na kimo sm 30, vyote vikipimwa kwa nje, na kitako na mfuniko wake vimo ndani ya vipimo hivyo. (Vipimo tumevichagua viwe vyepesi kuhesabu, kila fundi ana vyake.) Unene wa mbao tuuite t. Nyuki wanakaa ndani, na kila kipimo cha ndani kinapungua mara mbili: mbao ya kushoto na ya kulia, ya mbele na ya nyuma, kitako na mfuniko. Ujazo wa ndani ni

(50 − 2t)(40 − 2t)(30 − 2t)

Haya ndiyo mabano yetu matatu.

Kwanza, kuna haja ya kufungua?

Kama fundi anauliza jambo moja tu, kwamba mbao ya sm 2 itaacha nafasi kiasi gani, usifungue chochote. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inatosha: mabano kwanza, kisha 46 × 36 × 26 = 43,056. Ni lita 43 na kidogo. Mtu anayefungua mabano ndipo aweke 2 amejitwisha mzigo wa bure, na huko ndiko makosa yanakozaliwa.

Ukifungua, unapata hiki:

60,000 − 9,400t + 480t² − 8t³

Na hapa kuna kitu ambacho mabano yalikuwa yameficha. 60,000 ni ujazo wa sanduku kwa nje. 9,400 ni eneo la sura zote sita za nje, kwa sentimita za mraba: 2(50×40 + 50×30 + 40×30). 480 ni jumla ya urefu wa kingo zote 12, yaani 4(50 + 40 + 30). Na 8 ni kona nane za sanduku. Ukitoa eneo mara unene, mbao ya kwenye kingo unaitoa mara mbili, kwa hiyo unairudisha. Ukiirudisha, kwenye kona unakuwa umezidisha kipimo, unatoa tena. Hesabu imejipanga yenyewe namna sanduku lilivyo. Kwa matumizi kama haya kufungua mabano kunalipa: unaona mara moja kwamba kwa mbao nyembamba kila sentimita ya unene inakula karibu lita 9, na kwamba kutoka mbao ya sm 2 kwenda ya sm 2.5 nafasi inashuka kutoka 43,056 hadi 39,375. Nusu sentimita imekula karibu lita 3.7.

Mpangilio kabla ya njia

Watu hubishania njia, lakini kinachookoa muda zaidi ni dakika moja ya kuyaangalia mabano kabla ya kugusa kalamu. Mambo matatu ya kutafuta.

La kwanza, namba inayogawanya kila kilichomo ndani ya bano. Kwenye sanduku letu kila bano linatoa 2, na zinabaki 8(25 − t)(20 − t)(15 − t). Kosa la kawaida hapa ni kuandika 2 nje kwa sababu “wote wana mbili”, au 6 kwa sababu mbili zilikuwa tatu. Mabano yanazidishwa, kwa hiyo na hizo 2 zinazidishwa: 2 × 2 × 2.

La pili, mabano pacha yanayotofautiana alama tu. Ukiona (x − 3)(x + 4)(x + 3)(x − 1), usianzie kushoto kwa kuwa ndiko maandishi yanakoanzia. Kuzidisha hakuna foleni. Yaunganishe (x − 3) na (x + 3), yanakuwa x² − 9 bila kipande cha katikati. Mawili yaliyobaki yanatoa x² + 3x − 4. Sasa una kazi moja tu:

(x² − 9)(x² + 3x − 4) = x⁴ + 3x³ − 13x² − 27x + 36

La tatu ni adimu zaidi ila lina raha yake: mabano ambayo jumla za namba zake zinafanana. x(x + 1)(x + 2)(x + 3) ukiunganisha la kwanza na la mwisho unapata x² + 3x, na ya katikati yanatoa x² + 3x + 2. Ile x² + 3x imejirudia. Iite m, una m(m + 2) = m² + 2m, kisha rudisha: x⁴ + 6x³ + 11x² + 6x.

Namba pekee iliyosimama nje, kama 3 kwenye 3(x + 2)(x − 5), iache mpaka mwisho. Anayeiharakisha huiingiza kwenye mabano yote mawili, na bila kujua amezidisha kwa 9.

Kama hakuna mabano ya jumlisha wala toa ndani

Vitu kama (−2a²b)(3ab³)(−4b²) havihitaji kulinganisha njia. Iko moja: alama, namba, herufi, kwa mfuatano huo. Hasi ziko mbili, jibu ni chanya. Namba: 2 × 3 × 4 = 24. Vipeo vya a: 2 + 1 = 3. Vipeo vya b: 1 + 3 + 2 = 6. Jibu ni 24a³b⁶. Anayepata b⁵ amesahau kwamba b isiyo na kipeo ina kipeo 1, siyo 0. Anayepata a² amezidisha vipeo badala ya kuvijumlisha.

Njia nne kwa mfano mmoja

Tuchukue (2x + 3)(x − 4)(x + 5). Neno “kipande” hapa chini ni kile kinachotenganishwa na kingine kwa jumlisha au toa.

*Mawili mawili.* Hii ndiyo njia ya darasani. Fungua mawili, kusanya vinavyofanana, ndipo ulete la tatu.

(2x + 3)(x − 4) = 2x² − 8x + 3x − 12 = 2x² − 5x − 12

(2x² − 5x − 12)(x + 5) = 2x³ + 10x² − 5x² − 25x − 12x − 60 = 2x³ + 5x² − 37x − 60

Uzuri wake ni kwamba haina masharti. Iwe herufi moja au tano, mabano mafupi au marefu, inafanya kazi. Inaharibika sehemu mbili. Moja ni kutokukusanya katikati: mtu anabeba 2x² − 8x + 3x − 12 nzima kwenda bano la tatu, sasa ana vipande 8 badala ya 6, na kwa mabano manne atakuwa na 16. Nyingine ni mabano kuangushwa mapema. Akishaandika 2x² − 5x − 12(x + 5) bila kuzungushia bano la kwanza, ni −12 peke yake inayozidishwa. Kosa hili halitokani na kutojua. Linatokana na haraka, na ndiyo maana hata wanaojua wanalifanya.

*Kisanduku.* Chora jedwali, bano moja juu, jingine pembeni, kila chumba kijazwe zao la kichwa chake na pembe yake. Kwa hatua ya pili ya mfano wetu:

| | 2x² | −5x | −12 |
|---|---|---|---|
| x | 2x³ | −5x² | −12x |
| +5 | 10x² | −25x | −60 |

Soma kwa mshazari: 2x³ peke yake, −5x² na 10x² ni 5x², −12x na −25x ni −37x, −60. Daftari la hesabu lenye miraba linafaa sana hapa, na kwa anayeanza hatuna njia tunayoipendekeza kuliko hii, kwa sababu moja: chumba kitupu kinaonekana. Kwenye mstari mrefu kipande kilichosahauliwa hakipigi kelele. Kwenye kisanduku kinakukodolea macho. Herufi mbili nazo hazikipi shida. (a + b)(a − 2b)(3a + b) kinatoa 3a³ − 2a²b − 7ab² − 2b³ bila mtu kuchanganya a²b na ab².

Udhaifu wake ni nafasi na muda. Mabano matatu ni visanduku viwili, manne ni vitatu. Na ule mshazari unadanganya kama vipeo havikupangwa kutoka kikubwa kwenda kidogo au kimoja kimerukwa. x² − 9 iingie kwenye kisanduku kama x², 0x, −9. Ukiacha ile 0x, vitu visivyofanana vitakaa mshazari mmoja na utavijumlisha kwa moyo mweupe.

*Namba tupu.* Ukishazoea kisanduku utagundua herufi zinaandikwa bure, kwa kuwa nafasi ya namba inatosha kueleza kipeo chake. Basi ziache. Panga kama kuzidisha kwa kawaida kwa darasa la nne:

```
        2    −5   −12
×             1     5
---------------------
       10   −25   −60
  2    −5   −12
---------------------
  2     5   −37   −60
```

Kutoka kulia: namba kavu, x, x², x³. Ni njia ya kasi kuliko zote kwa mabano marefu yenye herufi moja, na ndiyo tunayoitumia tukiwa na mabano manne au matano. Inadai mambo mawili. Hakuna kubeba: 10 inabaki 10 ndani ya safu yake, na hasi inabaki hasi. Mwenye mazoea ya kuzidisha namba mkono wake unataka kupeleka 1 safu ya pili, na akiipeleka jibu limekufa. Pili ni sifuri za kushika nafasi. (x³ − 2x + 7) inaandikwa 1 0 −2 7. Ukiandika 1 −2 7 umezidisha x² − 2x + 7, mtajo (vipande vilivyounganishwa kwa jumlisha au toa) mwingine kabisa. Waarabu waliotupa neno hesabu walitupa na neno sifuri, na hapa ndipo inapofanya kazi yake ya asili: kusema “hapa hakuna kitu, lakini nafasi ipo”.

Kwa herufi mbili au zaidi usiiguse. Inawezekana kwa mitajo fulani, lakini muda wa kuifikiria mitajo hiyo ungetosha kujaza kisanduku.

*Kuokota.* Kila kipande cha jibu hupatikana kwa kuchukua kitu kimoja kutoka kila bano na kuvizidisha. Mabano matatu yenye vipande viwili viwili yana machaguo 2 × 2 × 2 = 8. Kama mabano yamekaa kwa mtindo wa sanduku letu, (25 − t)(20 − t)(15 − t), kuokota kunashinda njia zote. Usichukue t popote: 25 × 20 × 15 = 7,500. Chukua −t bano moja tu: namba mbili zinazobaki ni 20 × 15, 25 × 15 au 25 × 20, jumla 1,175, kwa hiyo −1,175t. Chukua −t mara mbili: 25 + 20 + 15 = 60, na hasi mbili ni chanya, +60t². Mara tatu: −t³. Zidisha yote kwa 8 iliyokuwa inasubiri nje, umepata ule mtajo wa juu. Mistari minne.

Kuna kazi moja ambayo njia hii haina mpinzani. Swali likiuliza namba iliyo mbele ya x² tu kwenye (2x + 3)(x − 4)(x + 5), kufungua yote ni upotevu. Chagua x kutoka mabano mawili na namba kutoka la tatu: 2 × 1 × 5 = 10, 2 × (−4) × 1 = −8, 3 × 1 × 1 = 3. Jumla 5. Basi.

Ila ukitaka jibu zima na mabano yana namba mbalimbali mbele ya x, kuokota kunachosha haraka. Hesabu ya mazidisho kwa mabano yenye vipande viwili viwili inaonyesha kwa nini:

| Mabano | Mawili mawili, ukikusanya kila hatua | Mawili mawili bila kukusanya | Kuokota yote |
|---|---|---|---|
| 3 | 10 | 12 | 16 |
| 4 | 18 | 28 | 48 |
| 5 | 28 | 60 | 128 |

Kisanduku na namba tupu vina idadi ileile ya safu ya kwanza ya mazidisho. Vinatofautiana kwa wino tu. Kwa mabano manne, ukiyafungua mawili kwa mawili halafu ukayakutanisha matokeo, mazidisho ni 17 badala ya 18. Faida ya moja siyo ya kujivunia, lakini kama kuna pacha kama x − 3 na x + 3, inakua.

Mabano yaleyale yamejirudia

(2x − 1)³ ni mabano matatu yaliyofupishwa, na ndiyo yanayoangusha wengi: wanaandika 8x³ − 1 na kusonga mbele. Kipeo kilicho nje ya bano hakigawiwi kwa kilichojumlishwa au kutolewa ndani; kinagawiwa kwa kilichozidishwa, kama (2x)³ = 8x³. Okota: x mara tatu, 8x³. Mara mbili, machaguo matatu ya 4x² × (−1), yaani −12x². Mara moja, machaguo matatu ya 2x × 1, yaani +6x. Hakuna x, −1. Jibu 8x³ − 12x² + 6x − 1.

Kuhakiki, na mtego wake

Weka x = 1 pande zote mbili. Mabano yetu ya mfano: 5 × (−3) × 6 = −90. Jibu: 2 + 5 − 37 − 60 = −90. Sekunde kumi. Kwa (2x − 1)³ mabano yanatoa 1 na lile jibu la haraka, 8x³ − 1, linatoa 7, limekamatwa.

Lakini 1 ina upofu wake. Kwa 1, x, x² na x³ zote ni 1, hivyo aliyeandika 5x mahali pa 5x² atapita salama. Kwenye herufi mbili ni vilevile: mtu akibadilishana a²b na ab² kwenye 3a³ − 2a²b − 7ab² − 2b³ ya kule kwenye kisanduku, a = 1 na b = 1 vinatoa −8 pande zote. Weka a = 2, b = 1: mabano yana (a − 2b), ambayo inakuwa 0, basi zao lote ni 0. Jibu sahihi linatoa 24 − 8 − 14 − 2 = 0. Lililochanganywa linatoa −10.

Kwa herufi moja tunapendelea 10 kuliko 2. Mabano yetu ya mfano: 23 × 6 × 15 = 2,070, na upande wa pili 2,000 + 500 − 370 − 60 = 2,070. Vipeo vya 10 havihitaji kuhesabiwa, unaongeza sifuri tu. Na kosa likiwepo, tofauti mara nyingi inakuonyesha lilipo: ukikuta 450 imezidi au imepungua, ni 500 kutoa 50, yaani 5x² imeandikwa 5x au kinyume chake. Usirudie kuzidisha upya. Nenda moja kwa moja kwenye kipande hicho.